Mwiteni Huyo

Mtaa mzima ulimwita Mangi, kama Kariakoo inavyomwita kila Mchaga mwenye duka, ila yeye jina hilo alilibeba kana kwamba kavishwa taji. Jina lake la ubatizo ni Rogath. Alikuwa na duka la makufuli, vitasa na komeo kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Kongo, miaka hamsini na sita, kitambi cha wastani, na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari angeugundua: aliamini kichwa chake hakikosei.

Usicheke. Watu wa namna hiyo ni wengi, na huenda wewe ni mmoja wao. Tofauti ni kwamba wengi hawasimami mlangoni na chuma mkononi.

Mwizi, alisema Rogath, ana alama tatu. Anakimbia, anageuka nyuma, na ana kitu amekibana kwapani. "Ukiziona zote tatu, usiulize jina la baba yake," aliwaambia wafanyakazi wake, nao waliitikia "sawa Mangi" huku wakikonyezana, maana walishayasikia hayo mara mia. "Hapa Bongo ukianza kujiulizauliza, mtu kashafika Buguruni na mali yako."

Mara mbili kanuni ile ilimpa ushindi. Alimdaka mmoja na simu ya mteja, akamdaka mwingine na mkoba wa mama mmoja wa Ilala, na mara zote mbili uchochoro ulimpigia makofi. Mara ya tatu alimzaba vibao fundi cherehani aliyekuwa anawahi gari la Mbagala, na kwapani mwa fundi yule kulikutwa mkate. Rogath hakuomba radhi. Alisema bila shaka jamaa alishampenyezea mwenzake mali ya wizi, mkate ulikuwa geresha tu. Ndivyo kichwa chake kilivyofanya kazi: kikipatia kinajisifu, kikikosea kinatafuta mwenzake wa mwizi.

Lakini hakuzaliwa hivyo, tumtendee haki. Miaka minane nyuma, saa nne ya asubuhi, mkewe Severa alikuwa amesimama nje ya duka lile lile, mkoba begani. Rogath alimwona mtu akimsogelea kwa nyuma. Alimwona vizuri kabisa. Akajisemea, labda ni mteja. Akajisemea tena, ngoja nione. Ndani ya ile ngoja nione panga fupi likashuka kwenye mkanda wa mkoba. Severa akaung'ang'ania kwa ukaidi wa kwao Rombo, panga likashuka tena, na kidole cha pete pamoja na kile cha mwisho vikadondoka kwenye lami. Vidole viliokotwa, pete haikuonekana mpaka leo.

Tangu siku ile Rogath aliichukia ngoja nione kuliko alivyomchukia mwenye panga. Alilala na kuamka akiitukana. Mbele ya kitanda cha hospitali aliapa kwamba hatafikiri mara mbili tena maishani mwake, na Severa, mkono umefungwa bandeji kama mpira wa makaratasi, alimtazama tu bila kusema kitu. Rogath alichukulia kwamba mkewe amekubali.

Sasa njoo kwenye Jumamosi yenyewe, mwezi wa kumi na mbili, wiki ambayo Kariakoo inajaa mpaka hupigi hatua bila kukanyaga mguu wa mwenzako. Saa tano asubuhi, jua la kuchoma utosi. Kila meza ina kipaza sauti chake chenye tangazo lililorekodiwa, na vyote vinapiga kelele kwa wakati mmoja: njoo uchague, njoo uchague, mama njoo, baba njoo. Ukitaka kuongea na mtu aliye hatua tano mbele yako, unapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Rogath alikuwa mlangoni anahangaika na lango la chuma la kusukuma juu, ambalo lilikuwa limekwama nusu. Mkononi alikuwa na kile chuma kirefu chenye ndoano cha kuvutia lango. Severa alikuwa ndani nyuma ya kaunta. Ndipo sauti ya mwanamke ikapasua zile kelele kutoka upande wa Kongo, kali, ya kuvuta, imekatwakatwa na vipaza sauti:

"Mwizi ni huyooo! Mwizi ni huyo!"

Rogath akainua kichwa, na akaona. Tulia hapa kidogo, maana kesi yote ipo hapa. Kwanza alisikia, ndipo akaona. Aliona mwanamume wa kama miaka thelathini, shati la bluu, anakuja mbio akipenya watu. Akaona anageuza shingo kutazama nyuma. Akaona kwapani amebana pochi ya kike, nyeusi, yenye kishikizo cha dhahabu kinachometa. Pale pale angeweza kushika msalaba na kuapa.

Kilichofuata pia alikiona, ila hakikuingia. Yule mwanamume alipunguza mwendo. Akasimama, akageuka mwili mzima, akapiga hatua mbili kurudi alikotoka. Jamani, mwizi gani anarudi kwa mwenye mali? Swali lilikuwa pale mbele ya pua ya Rogath, kubwa kama lori la mizigo. Kichwa chake kikalipita. Alama tatu zilishatimia, na mkono ulikuwa umeshaanza safari.

Chuma kilimpata mtu yule gotini, kwa upande. Goti likalia kama kuni kavu inayovunjwa. Akaenda chini kwa uso, meno yakagonga ukingo wa mtaro, na kabla hajapata pumzi ya kulia Rogath akampiga tena mgongoni, akapaza sauti kwa kifua chake chote:

"Mwizi! Nimemkamata! Mwizi!"

Kariakoo haihitaji kuambiwa mara mbili. Watu walitoka kwenye meza, kwenye ngazi, kwenye maghala, wengine na kijiko cha chai bado mdomoni. Mateke yakaanza. Mmoja alivua mkanda akampiga kwa upande wa bizimu la chuma. Mwingine alimkanyaga vidole vya mkono, akavizungusha chini ya soli kama anazima kipande cha sigara. Shati la bluu likachanika mgongoni, na mgongo ukaanza kuchanika nao. Kila alipojaribu kuinua uso kusema neno, teke lilimrudishia neno lake kooni pamoja na damu.

"Mangi ana macho huyo!" alisema jamaa mmoja, akampiga Rogath begani. "Mangi hana dogo!"

Na Rogath alifurahi. Tuseme ukweli wote. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka, na ndani ya kifua chake kulikuwa na raha ambayo hakuwa ameipata kwa miaka minane. Kila teke lililomwingia yule mtu lilikuwa kama linamlipia vile vidole viwili. Alisimama pembeni ameegemea chuma chake, na akaanza kuitafuta pochi kwa macho ili amrudishie mwenyewe.

Pochi haikuwepo. Chini ya miguu ya watu kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki umepasuka, na humo zilikuwa zimemwagika zipu. Zipu za magauni, nyeusi, dazeni kadhaa, meno yake ya shaba yakimeta juani.

Ameitupa pochi, kichwa kikamwambia. Kilimjibu haraka, kama kawaida yake.

Akatazama huku na huku, mtaroni, chini ya meza. Hakuna pochi. Basi kaiba zipu, kichwa kikasema.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amefika akitweta, khanga imemteremka mabegani, akijaribu kupenya ukuta wa migongo. Rogath alimfahamu kwa sura: Kuruthumu, mama wa Kilindi anayeuza zipu, nyuzi na vifungo kwenye meza pale Kongo. Mkononi alikuwa ameshika mkasi mpya wa kushonea, bado umo kwenye karatasi yake.

"Mwacheni! Mteja wangu huyo!" alilia Kuruthumu. "Si mwizi! Jamani si mwizi!"

Umati ukasikia neno moja tu katika yale yote. "Mwizi!" wakaitikia wa nyuma, waliokuwa hawaoni kitu, na mateke yakaongezeka. Kadiri mama yule alivyokana ndivyo alivyomwua mteja wake. Akamwona Rogath, akamkamata mkono.

"Mangi, wewe wanakusikiliza, waambie! Sadalla huyo, fundi wa Mtoni kwa Azizi Ali, kila wiki ananunua kwangu. Kapigiwa simu kwamba bajaji aliyoiacha na vitambaa vyake inakamatwa, akaondoka mbio, mkasi wake kauacha mezani. Ndiyo nikapiga kelele mwiteni! Nilisema mwiteni huyo! Mwiteni huyo!"

Rogath alimtazama mdomo wake. Mwiteni huyo. Mwizi ni huyo. Silabi moja ndani ya zile kelele, silabi moja tu, na yeye kichwani alikuwa ameshaijaza mwenyewe kabla haijamfikia.

Wana njama moja, kichwa kikasema. Huyu mama ni mwenzake.

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Rogath akakishtukia kichwa chake. Alikishtukia kama unavyomshtukia muuzaji anayekujibu kabla hujamaliza swali. Majibu matatu kwa pumzi tatu, na kila jibu lilikuwa linamtetea yeye. Halafu ile picha ambayo hakuwa ameiingiza ndani ikaingia yenyewe, bila kubisha hodi: mwanamume anasimama, anageuka, anapiga hatua mbili kurudi. Alikuwa anaitwa, na alikuwa anaitika.

Alijua la kufanya. Alipaswa kupasua ule umati na kusema nimekosea, ni mimi. Lakini sasa, mtu aliyeapa kutofikiri mara mbili, akafikiri mara kumi. Nikisema nimekosea watanigeukia mimi. Nikisema mimi ndiye nimeanza, duka langu litakuwa duka la nani? Huyu jamaa aliyenipiga begani atanionaje? Aibu ilimshika miguu kuliko woga. Ngoja nione, akajisemea, watapungua wenyewe.

Hawakupungua. Khalfani, mbeba mizigo mwenye mkokoteni ambaye kila siku humletea Rogath maboksi ya makufuli, mtu wa mabega mapana na moyo wa kutumika, alikuja na tofali la saruji amelibeba kwa mikono miwili. "Sogeeni," akasema kwa utulivu, kama mtu anayeshusha mzigo. Wakampisha. Akaliinua tofali mpaka juu ya kichwa chake, akaliachia kifuani mwa Sadalla.

Ndani ya duka Severa alipiga yowe.

Sadalla hakupiga yowe. Alitoa mlio mdogo tu wa hewa inayotoka. Na nyuma ya umati mtu alikuwa anavuta tairi kuukuu, na mwendesha bodaboda alikuwa ameinama kwenye tangi lake na mpira mwembamba mdomoni, ananyonya petroli kuijaza kwenye chupa ya maji ya kunywa.

"Si mwizi!" akapiga kelele Rogath. "Nasema si mwizi!"

"Mwiziii!" wakajibu.

Hawasikii, akafikiri, na akajua kwa nini hawasikii, maana yeye mwenyewe dakika tano zilizopita alikuwa hasikii vile vile. Neno la kukana halina kazi. Mtu aliyekwisha kuona anachokiona humwongezei sentensi, unampa neno lingine lenye mlango wake kichwani, mlango uliokwisha kufunguka mara nyingi mpaka bawaba zimelainika. Watu hawa ni wamachinga. Wanaogopa nini kuliko jela, kuliko Mungu?

Alirukia meza ya viatu ya jirani, akang'oa kipaza sauti kwenye mlingoti wake, akabonyeza kitufe, na sauti yake ikatoka imepasuka, kubwa kuliko mtaa:

"Mgambo! Mgambo wa jiji wameingia Kongo! Mgambo hao!"

Kufumba na kufumbua. Mwenye mkanda aliuacha pale pale akakimbilia meza yake. Mwenye tairi aliliachia likajiviringisha peke yake mpaka mtaroni. Maturubai yalikunjwa na mali ndani, viatu vikaingia viroba, mwendesha bodaboda akaimwaga petroli miguuni mwake kwa papara na kuondoka akiserereka. Mgambo hawakuwepo, wala hawakuja. Katika dakika moja uchochoro ulibaki na karatasi, kandambili za upande mmoja mmoja, na mtu mmoja chini.

Waliobaki naye ni wanne. Rogath na kipaza sauti chake. Kuruthumu, amepiga magoti, anamfuta Sadalla uso kwa khanga. Severa, aliyetoka dukani amejishika mkono wake mbovu. Na Khalfani, kwa kuwa hakuwa na meza ya kukunja.

"Mangi," akasema Khalfani kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake, "si ulisema mwizi?"

Rogath akakiweka kipaza sauti chini.

"Mimi nimesikia kwako. Ningesikia kwa mtu mwingine ningeuliza." Alikuwa anaitazama mikono yake iliyojaa vumbi la saruji. "Kwako sikuuliza."

Sadalla alifumbua jicho moja, lile lingine halikuwa na namna ya kufumbuka. Lilizunguka, likapita kwa Kuruthumu, likafika kwa Rogath, likasimama. Mkono wake wenye vidole vilivyosagika ukapanda mbele ya uso kujikinga. Alimjua aliyempiga wa kwanza.

"Nilikuwa narudi, mzee," akasema, na maneno yalitoka na povu jekundu. "Nimeitwa. Nilikuwa narudi."

Walimpandisha kwenye mkokoteni wa Khalfani. Khalfani aliuvuta mpaka barabara kubwa akilia kwa sauti kama mtoto, akawapakia kwenye bajaji, kisha akageuka na kupotelea kati ya watu bila kuaga. Kuruthumu alimpakata Sadalla kichwa, Severa akabanwa mbele kando ya dereva. Rogath alikaa amemshika miguu, na kila bajaji iliporuka shimo goti lile lilicheza mkononi mwake kama kitasa kilicholegea.

Hospitali waliwapokea upesi, wakamkimbiza ndani. Mlango ukafungwa.

Rogath na Severa wakakaa kwenye benchi la saruji ukumbini, Kuruthumu akatoka nje kumpigia simu mke wa fundi. Askari mmoja kijana akaja na daftari lake. Kuruthumu alishamweleza nje alichokijua: kwamba watu walimvamia mteja wake, na kwamba Mangi ndiye aliyepata akili ya kupiga kelele za mgambo na kumwokoa asichomwe moto. Mama yule alipofika umati ulishajaa, hakuona mwanzo.

"Shikamoo mzee. Hongera sana," alisema askari. "Wangekuwepo wananchi kumi kama wewe tungelala. Ulimwona aliyeanza?"

"Ngoja nipumzike kidogo," akasema Rogath, "nitakueleza." Askari akasema hakuna shida, akasogea dirishani.

Na hapo kwenye benchi ndipo Rogath alipoogopa kuliko alivyoogopa kule uchochoroni. Alifumba macho ajikumbushe mambo yalivyokwenda, na akamwona mtu mwenye fulana nyekundu. Mtu huyo alikuwa ametokea upande wa kulia, mrefu, ana kovu shavuni, na mkononi alikuwa na kipande cha nondo. Rogath alimwona waziwazi akimpiga Sadalla gotini. Alijiona na yeye mwenyewe akitoka dukani baadaye, amechelewa, anauliza kuna nini. Fulana ilikuwa na maandishi hata. Angesubiri nusu saa zaidi, angeyasoma.

Akafumbua macho, jasho linamtoka. Hakukuwa na mtu yeyote mwenye fulana nyekundu. Kichwa kilikuwa kazini, kinamjengea mtu kama kilivyomjengea pochi, na kilikuwa hakimwombi ruhusa.

"Severa," akanong'ona. "Mimi nilifanya vile kwa sababu yako. Kwa sababu ya vidole vyako."

Severa aliutoa mkono wake chini ya khanga, ule wa vidole vitatu, akauweka mapajani ambapo wote wawili waliweza kuuona.

"Vidole ni vyangu, Baba Evelyn," alisema. "Mimi sikukutuma."

Miaka minane, na lile ndilo lilikuwa jibu lake. Rogath akainamisha kichwa.

Saa saba kasorobo daktari akatoka. Alikuwa mwanamke mfupi, amechoka, gauni lake la kijani lina madoa. Alisema mbavu zilikuwa zimeingia kwenye mapafu. Alisema wamejitahidi. Alisema pole. Rogath aliyasikia yote matatu kama yalivyosemwa.

Mke wa Sadalla alifika robo saa baadaye, Kuruthumu kamshikilia. Aliitwa Chiku, mwembamba, baibui limepauka, mkononi chupa kubwa ya chuma yenye uji, maana alipotoka nyumbani alikuwa ameambiwa mume wake yupo hai na ataamka na njaa. Habari alishapewa getini. Macho yake yalikuwa makavu, kama ya mtu ambaye bado hajafika alipo. Kuruthumu akamnong'oneza, na Chiku akaja moja kwa moja mpaka mbele ya benchi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema Rogath. Ilimtoka kwa mazoea, na mara ikamuuma ulimi.

"Wameniambia walikuwa na petroli." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Wameniambia ni wewe uliyewafukuza. Mungu akulipe, baba. Umenipa mtu wa kuzika. Ningepewa majivu, ningewaonyesha nini wazee wa kwao Nachingwea? Umenipa mtu mwenye uso."

Akashika mkono wa Rogath kwa mikono yake yote miwili, chupa ikiwa imebanwa kwapani. Askari pale dirishani alivua kofia.

"Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza," akasema Rogath.

Chiku akatikisa kichwa kwa upole, akamfinya mkono zaidi. "Usijitie lawama, baba. Umati ule ungeuweza wapi peke yako?"

"Hapana. Nisikilize, mwanangu. Si umati. Kabla ya umati. Mimi, kwa chuma cha dukani kwangu, hapa gotini, na tena mgongoni. Mama huyu alisema mwiteni, mimi nikasikia mwizi. Nikapiga kelele mwizi. Wote wamesikia kwangu. Na yeye alikuwa ameshageuka. Alikuwa anarudi kwa aliyemwita."

Kuruthumu akaachia bega la Chiku. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, inarudia neno lake mwenyewe. Askari akasogea hatua moja, daftari limening'inia.

Chiku hakuachia mkono wa Rogath. Alimtazama usoni, anatafuta pa kushika. "Ulikuwa na hasira," akasema, na ilikuwa karibu kumwomba. "Watu wakipata hasira hawafikiri. Hukufikiri, baba. Sema tu hukufikiri."

Alikuwa amemfungulia mlango kabisa. Mtu yeyote angepita. Askari angeandika hasira, padri angesamehe hasira, na Kariakoo ingesema hasira ni ya kila mtu.

"Nilifikiri," akasema Rogath. "Hivyo ndivyo ninavyofikiri."

Chupa ya uji ilimpata juu ya jicho. Hakuiona ikitoka kwapani. Ngozi ya paji la uso ikafunguka, na kabla damu haijafika kwenye kope ikampata tena, kwenye taya, jino likavunjika. Chiku alipiga bila kutukana na bila kulia, kwa mkono wa mtu anayetwanga, na kila pigo kizibo kilifoka uji wa moto ukawachoma wote wawili. Rogath aliteleza kutoka kwenye benchi akabaki amepiga magoti. Mikono yake ilitaka kupanda kukinga uso, akaibana katikati ya mapaja.

Mlinzi wa hospitali alikuwa amesikia kishindo kutoka getini. Aliingia mbio, na alichokiona kilikuwa wazi kabisa kwake: mzee mwenye heshima zake yupo chini anavuja damu, na mwanamke aliyeshikwa na wazimu yupo juu yake. Hakuuliza kitu. Akamkamata Chiku shingoni kwa nyuma, akamvuta mpaka kisigino kikaburuza, na mkono mwingine ukainua rungu.

"Mwache!" Rogath akapaza sauti. Damu ilikuwa imemjaa macho yote mawili, haoni mtu, alinyoosha tu mkono kuelekea pale alipoisikia pumzi ya Chiku. "Mwachie aendelee. Yeye hajakosea mtu."

Mlinzi akabaki na rungu lake hewani, anamtazama askari, anamtazama mzee, hajui amshike nani.